Furu na Mdomo Uliojaa

"Jamani, mpo?"
"Tupo!"
"Masikio mmekuja nayo?"
"Haya hapa!"

Mimi nimechoka, kutwa nzima naanika dagaa. Lakini mmeng'ang'ania, basi shikeni.

Palikuwa na Furu, samaki mdogo wa Ziwa Nyanza. Ziwa lile ni pana hata ng'ambo haionekani, ila kwenda chini si refu kihivyo, kama sinia tu, maficho haba. Ndiyo maana Furu akishazaa huwaficha wanawe mdomoni. Mdomoni, naam! Hali, haongei, miayo hapigi. Akikubali ni "mhm," akikataa ni "nh-nh." Sasa siku moja alikuwa amechoka, jamani, amechoka! Mashavu yanamuuma, tumbo linanguruma, watoto wanasukumana ndani: papatu, papatu.

Mara, chubwi! Sangara huyo. Sangara hakuzaliwa humu. Aliletwa na watu, akaja na njaa yake, na njaa hiyo haijaisha mpaka leo. Alikuwa ameshawala shangazi zake Furu na majirani zake wote. Furu akabana mdomo.

"We Bi Furu, unatafuna nini? Dagaa?"
"Nh-nh."
"Kamba?"
"Nh-nh."
"Kitamu kuliko dagaa?"

Furu akawafikiria wanawe. "Mhm," akasema, na hapo hakudanganya.

"Fungua nionje."
"Nh-nh!"
"Mchoyo we! Ningekumeza sasa hivi, ila hujazi hata jino. Kipo kingi?"
"Mhm."
"Wapi?"

Furu akaelekeza pezi kwenye mafunjo ya kando ya ziwa.

"Nipeleke. Nikikikosa, nakumeza na hayo mashavu yako."

Ndani ya mafunjo maji yamelala, meusi, mizizi imebanana, hewa yake haba. Furu ni mdogo, pumzi kidogo inamtosha. Sangara, lile pande la samaki, anataka pumzi nyingi.

Wakaenda, chwi, chwi, chwi.
"Bado?"
"Mhm."
Wakaenda, chwi, chwi, chwi.
"Mbona kichwa kinaniwanga? Bado?"
"Mhm."
Wakaenda, chwi... chwi...
"Furu, dada yangu, pumzi zimeniishia! Njia ya kutokea ni ipi?"

Furu akamtazama. Alimwonea huruma, siwafichi. Lakini njia ile ilikuwa na kona nyingi za kueleza, na mdomoni mwake mlikuwa na watu.

"Mhm," akasema.

Sangara akapiga mkia, pwaa! Pwaa! Pwa... Kimya.

Hapo ndipo Furu akafungua mdomo. Watoto wakamiminika, pyuuu, wakaenda kucheza mizizini. Mdomo mtupu, raha iliyoje! Mbele yake akaona kidudu kinono kinapita taratibu. Akapanua mdomo akile.

Watoto wakaona mdomo uko wazi, wakadhani mama anawaita. Chururu! Wakarudi ndani wote. Kidudu kikajiendea zake.

Furu akafumba mdomo juu yao. "Mhm," akasema.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyeichoka anisaidie kuichoka. Na funzo lake, wanangu, ni adabu: usiongee ukiwa na kitu mdomoni. Tena mtu akikuuliza njia, mwelekeze vizuri.

Nani huyo ana swali? Nh-nh.