Bangili ya Bi Mwanashehe

Bi Mwanashehe, akiwa na shoga yake Riziki, alikwenda kuuza bangili ya dhahabu. Alipita maduka matatu ya masonara yasiyo na wateja, akaingia la Badawi, lililojaa wanawake waliokuja kumnunulia bibi harusi dhahabu.

Badawi aliikwaruza bangili, akacheka. "Bibi, hii shaba tupu."

"Sema kwa sauti, mwanangu, sisikii vizuri."

"Shaba!"

Wanawake wote wakageuka.

"Maskini marehemu mume wangu! Aliinunua hapa hapa, kwa marehemu baba yako."

Wanawake wakaanza kurudisha pete mezani. Badawi akaikwaruza tena upesi.

"Lo, macho haya! Kumbe dhahabu safi!" Akalipa bei kamili.

Nje, Riziki akamshika mkono. "Mume gani? Wewe hujaolewa hata siku moja!"

"Na bado amenifaa kuliko wako."