Rehani Mbichi ya Vuai

Hapo zamani, katika mji ambao Sultani wake alikuwa na pua kubwa na hazina ndogo, aliishi msuka mikeka jina lake Vuai, pamoja na mkewe, Mize. Hawakuwa na mali ila nyumba ya vyumba viwili, nayo ilikuwa imewekwa rehani kwa Sultani tangu paa lake lilipoezuliwa na upepo. Sharti lilikuwa kupeleka kikapu kimoja cha karafuu kila mwezi, na ilikuwa imebaki miaka minne kamili.

Ikawa siku moja mpiga mbiu akapita na pembe lake.

"Enyi wenye nyumba za rehani! Sultani amewahurumia. Kila mtu na alete rehani mpya kabla ya adhuhuri ya Ijumaa. Sultani akiipokea kwa mkono wake, ya zamani imekufa! Kisha mtatoa nusu kikapu tu kila mwezi, kwa miaka ishirini. Asiyeleta, nyumba yake inachukuliwa!"

Vuai akaruka kwa furaha. "Nusu kikapu, Mize! Mgongo wangu umepona!"

"Hebu keti," akasema Mize. Akamwaga kunde mkekani, akazipanga kumi kumi. "Tulivyobakiza ni vikapu arobaini na vinane. Hii huruma ni vikapu mia na ishirini."

"Hesabu tena."

Akahesabu mara tatu. Vuai akaficha kunde kumi chini ya goti, na bado huruma ya Sultani ikawa nzito.

"Basi tukatae."

"Tukikataa, tutalala wapi? Juu ya mikeka yako, barazani kwa watu?"

Vuai akatoka uani kwa unyonge, akaketi karibu na mmea ambao Mize alizoea kuchuma majani yake ya kunukia, kuyafunga na asumini na kujipamba. Vuai akakata kijitawi, akanusa. Kisha akaita, "Mize! Hiki unakiitaje?"

"Rehani. Umepofuka?"

"Na hiki kilichochipua jana?"

"Si rehani mpya hiyo, we mwanamume..." Mize akashika mdomo, kisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Ijumaa ilipofika, wenye nyumba wakajipanga foleni barazani kwa Sultani, na Vuai akawa wa kwanza.

"Umeleta rehani mpya, ewe Vuai?"

"Nimeleta, Seyyidi yangu. Mpya kabisa, hata umande haujakauka." Akatoa shada mkobani.

Sultani, mpenda manukato, akalipokea, akazamisha humo pua yake yote. "Ahaa! Yanukia!"

"Seyyidi yangu ameipokea kwa mkono wake?"

"Kwa mkono, na kwa pua pia."

"Basi naomba hati ya ile ya zamani. Imekufa, nataka kuizika."

Waziri akainuka. "Mjinga wee! Rehani iliyotakiwa ni nyumba, si majani!"

"Bwana Waziri, mbiu ilisema rehani mpya. Nyumba yangu ni kuukuu, ukutani mna ufa unaopitisha paka. Ningeiletaje ikawa mpya?"

Sultani akataka kukasirika, lakini ile rehani ikamtekenya puani, akapiga chafya saba. Baada ya ya saba akajikuta anacheka, kilemba kikamwangukia Waziri miguuni. "Mpe hati yake," akasema akifuta machozi. "Maneno yalikuwa yangu mwenyewe."

"Na nusu kikapu kila mwezi?" Waziri akafoka.

"Nitatoa, bwana," akasema Vuai. "Tena kwa hiari. Mbiu haikusema nusu kikapu cha nini."

Alipogeuka, foleni haikuwapo. Kila mtu alikuwa amekimbilia uani kwake.

Basi ikawa miaka ishirini, kila mwezi ulipoandama, vikapu vya rehani vikamiminika kwa Sultani, naye akapiga chafya bila kukosa mwezi hata mmoja.