Mama Aliyejiziba Macho

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto, wanangu, mpisheni na mdogo wenu.

Hapo zamani za kale, watu wa kijiji cha Zibani waliamini kuwa umeme ni jicho la mvua, na kuikodolea mvua macho ni kukosa adabu. Basi umeme ulipomulika, wakubwa kwa wadogo walijiziba macho kwa viganja.

Alasiri moja wingu zito lilitanda, mchana ukawa giza. Mbuzi wa mama mmoja, Nyamvula, walirudi wenyewe kutoka malishoni, lakini binti yake, Mbeyu, hakuwa nyuma yao. Majirani walimwambia angoje mvua ipite. Hakungoja. Njia ya malishoni ilivuka mto, na mto ulikuwa ukijaa.

Akaenda, akaenda, akaenda. Umeme ukamulika, akajiziba macho. Ulipozimika, akapapasa gizani akiita, na ngurumo zikameza sauti yake. Umeme ukamulika tena, akajiziba tena, akajikwaa, akaanguka majanini.

"Taratibu, mama, utaniponda," akasema Kimulimuli. Akamuuliza anatafuta nini, naye akamweleza huku analia.

Kimulimuli akawaka, akazima. "Umeniona?"

"Nimekuona."

"Sasa fumba macho." Akawaka tena, akazima. "Umeniona?"

"Nitakuonaje nami nimefumba?"

"Ndiyo hivyo. Mvua inakumulikia dunia nzima, nawe unajiziba."

Nyamvula akasimama. Tangu utotoni hakuwahi kuutazama umeme. Mikono ikainuka yenyewe, akaishusha. Umeme ukamulika mara ya tatu, naye akakodoa macho. Akaona mto, akaona jiwe katikati ya maji, akamwona Mbeyu juu ya jiwe, amemkumbatia mwanambuzi.

Giza likarudi, lakini njia alikwisha kuiona. Akaingia mtoni, maji yakamfika kiunoni. Akambeba Mbeyu mgongoni na mwanambuzi begani, akawatoa hadi ukingoni.

Wakaketi matopeni wakihema. Nyamvula akampapasa mtoto uso, masikio, vidole. Vyote vilikuwepo.

"Mama," akasema Mbeyu, "nilikuona mara mbili ukipita. Mbona ulikuwa umejiziba macho?"

"Ndiyo adabu, mwanangu. Kwani wewe hukujiziba?"

"Ningejizibaje? Mikono ilikuwa imemshika mbuzi."

Nyamvula akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mvua ikawanyeshea wote watatu.

Hadithi yangu imefika hapo, na hapo ndipo ninapoiacha.