Nani Atashuka Nyuma ya Tunu?

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na kila mtu aje na akili yake. Ya kuazima haitafaa kitu hapa.

Palikuwa na watu watatu mjini Lushoto, kila mmoja na kipaji chake. Hiza, mwalimu wa muziki, alikuwa na sikio. Pikipiki ikipita nje ya darasa lake, aliweza kukwambia ni ya nani na inaumwa wapi. Nakijwa, muuza vitambaa, alikuwa na miguu. Tangu shule ya msingi wenzake walimjua kwa kisogo tu. Mama Kibua alikuwa na sauti. Hakuhitaji kupiga kelele. Akisema "keti" sebuleni kwake, hata mtu anayepita barabarani hutafuta mahali pa kukaa.

Na katikati yao alikuwepo Tunu, daktari wa meno. Kwake Hiza alikuwa shemeji, Nakijwa shoga, Mama Kibua mama mkwe. Kipaji cha Tunu kilikuwa kuogopa huku anatabasamu.

Tunu na mumewe, Sefu, walikuwa wamejiandikisha kwenda Moroko, kutembea na kuendesha baiskeli milimani wakiongozwa na mwenyeji wa huko, Idrisi. Idrisi alimuuliza Tunu kwa simu kama amewahi kushuka mlima kwa baiskeli.

"Sana," Tunu akajibu.

Ukweli ni kwamba alikuwa ameshuka hadi sokoni, tena akiburuza kandambili chini njia nzima. Lakini mtu akishazoea kuitwa daktari, "hapana" huwa nzito mdomoni.

Safari ikiwa imekaribia, Sefu akanyimwa ruhusa kazini. "Chagua mwenyewe atakayechukua nafasi yangu," alimwambia mkewe. Haikuwa nafasi ya mchezo. Idrisi alikuwa ameshawaonya kwamba vijia vya huko hupita ukingoni mwa makorongo. "Mbele yako niko mimi," alisema. "Nyuma yako awe mtu wako, kwa baiskeli, kwa miguu au juu ya punda, mradi asikuache." Tangu siku hiyo Tunu alikuwa akiota anaanguka, na kila mara aliamka kabla hajafika chini.

Hiza akamtafutia baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya, aina ileile atakayopewa Moroko. "Ili mkono uzoee, shemeji," alisema.

Hapo ndipo kosa lilipolala. Katika baiskeli walizokulia wao, breki ya kushoto hushika tairi la nyuma, na kila mtoto hufundishwa: mteremkoni, kushoto kwanza. Hii ya Ulaya ilikuwa kinyume; kushoto kulishika la mbele. Hiza alilijua hilo siku ileile alipoijaribu uwanjani. Akasahau kulisema.

Asubuhi ya mazoezi ukungu ulikuwa umeufunika mlima kama blanketi bichi. Juu kabisa ya njia alikuwa Tunu, na Nakijwa pembeni yake. Chini kabisa walisubiri Hiza na Mama Kibua, ambaye alisema amekuja kushuhudia ujinga kwa macho yake.

"Shoga, tumbo linaniuma," alisema Tunu.

"La uzazi au la woga?"

"Nakijwa, sioni hata kona!"

"Kona itakuona wewe. Nenda, usinitie aibu." Akamsukuma.

Baiskeli ikashika kasi. Upande wa kulia hapakuwa na kitu, ila weupe wa ukungu na ubaridi unaopanda kutoka korongoni. Tunu akafanya alivyofundishwa tangu utotoni: akabana kushoto. Tairi la nyuma likainuka, akajiona anaelekea kuipita baiskeli yake mwenyewe. Akalegeza, likatua, kasi ikazidi. Akabana tena.

Chini, Hiza akasikia breki ikilia. Wengine wangesikia mlio tu. Yeye alisikia tairi la mbele, likibanwa na kuachiwa, na papo hapo akajua ni mkono gani. "Anabana kushoto!" alisema, huku amepauka. "Itamrusha!"

Mama Kibua hakuuliza kwa nini. Akaukabili ukungu. "Tunu! Achia kushoto! Kamata kulia!" Vidole vya Tunu vikaachia kabla woga haujapata nafasi ya kubishana. Tangu aolewe, mkono ule ulikuwa umeangusha pawa kadhaa jikoni kwa sauti hiyohiyo. Akabana kulia, tairi la nyuma likakwama, baiskeli ikaanza kuteleza kiubavu kuelekea ukingoni.

Nakijwa alipoisikia sauti ile alikuwa bado juu. Hakuifuata njia na kona zake. Alikata moja kwa moja katikati ya miiba, akatokea ukingoni, akadaka mkanda wa begi la mgongoni mwa Tunu. Tunu akabaki. Baiskeli ikaenda.

Kikapita kimya. Kimya kile, kabla ya chuma kugonga mwamba huko chini, Tunu anakisikia hadi leo.

Nyumbani kwa Mama Kibua walipewa chai ya tangawizi.

"Sauti bila neno ni kelele tu, mama," alisema Hiza. "Neno lilikuwa langu."

"Umelilalia siku zote hizi kama kuku, Hiza. Leo limetotoa, unataka sifa?"

"Nyinyi mmeokoa kwa mdomo," alisema Nakijwa, akionyesha mikono iliyochanwa na miiba.

"Na aliyemsukuma ni nani?" aliuliza Hiza.

Nakijwa akaanza kuipuliza chai yake, ingawa ilikuwa imeshapoa.

"Mimi pasi ya kusafiria ninayo tangu Hija," alisema Mama Kibua. "Baiskeli siijui, punda nitampanda. Au mwanangu, ghairi tu."

"Naogopa, mama," alisema Tunu, na safari hii hakutabasamu. "Sijawahi kushuka mlima wowote. Lakini nikighairi leo, kesho nitaogopa hata ngazi za nyumbani kwangu."

Simu ikaita. Alikuwa Idrisi, akitaka jina la atakayekuja badala ya Sefu.

"Nilikudanganya," Tunu alimwambia. "Kushuka sijui."

Idrisi akajibu: "Basi wa nyuma yako ndiye roho yako. Nitajie jina."

Sasa nyinyi mliosikiliza: mmoja alisikia, mmoja akaita, mmoja akadaka. Mwondoe yeyote kati yao, na Tunu yuko korongoni na baiskeli yake. Nafasi ni moja, korongo la Moroko ni refu kuliko la Lushoto, na watu watatu wameshusha vikombe wanamtazama mdomoni.

Je, ungekuwa wewe umeshika simu ile, ungemtaja nani?