Bi Unaisa na Wazo Alilolificha

Wamepokea wasimulizi wa habari za wacha Mungu, mmoja kutoka kwa mwenzake, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Iraki, kando ya mto Tigri, aliishi mwanamke mwema aliyeitwa Bi Unaisa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike, na hakuipokelea ujira. Alikwenda kwa tajiri kama alivyokwenda kwa fukara, na kwa wote wawili maji yake yalikuwa ya vuguvugu. Alikuwa akisema kwamba maiti ana heshima yake, na asiyeweza kulalamika ndiye wa kufanyiwa upole zaidi. Wafiwa wakimwona anaingia mlangoni walipata utulivu kabla hajasema neno.

Mumewe, Mzee Khalaf, alikuwa mtengenezaji ngozi. Alishinda nje ya mji kwenye mashimo ya kulowekea ngozi mbichi, akizikwangua manyoya na kuzilainisha, na jioni akarudi nyumbani. Hawakujaaliwa mtoto, lakini waliishi kwa masikilizano tangu ujana wao hadi walipoota mvi.

Basi ikawa Bi Unaisa akahisi uvimbe mgumu kwenye titi lake. Mwanzo aliupuuza. Ulipokua na kuanza kumchoma, alimwendea tabibu wa mji, mtu mwaminifu asiyependa kuwapamba wagonjwa kwa maneno. Tabibu alimpima kwa msaada wa mkunga, kisha akanawa mikono bila kumtazama usoni.

Bi Unaisa akamwambia, "Niambie kweli, tabibu. Mimi nimeosha wengi."

Tabibu akasema, "Ni saratani, na imekwisha kuingia kwapani. Sina dawa ya kuiondoa. Nina dawa ya kukupunguzia maumivu, na hiyo sitakunyima."

"Nina muda gani?"

"Hilo analijua Mola wako. Lakini kwa elimu yangu ndogo, sidhani kama utaufikia msimu mwingine wa tende."

Bi Unaisa akamshukuru, akarudi nyumbani. Mumewe aliporejea alimweleza kwa maneno machache. Mzee Khalaf akasema, "Tumelipokea la Mwenyezi Mungu," kisha akatoka uani, akakaa huko muda mrefu akijifanya anatengeneza kamba ya ndoo. Bi Unaisa aliona mgongo wake tu, akadhani mumewe hataki kulizungumza. Kumbe mzee naye alidhani kwamba mkewe anataka aachwe peke yake. Tangu siku hiyo wakawa wanaongea juu ya unga na kuni, na lile jambo kubwa likakaa katikati yao bila mwenyewe.

Sasa, Bi Unaisa hakuogopa kufa. Alichokiogopa kilikuwa kingine. Zamani aliwahi kuitwa kumwosha mama mmoja aliyefariki kwa maradhi hayohayo, kidonda kikiwa kimepasuka. Alipofika aliwakuta watoto wa marehemu wamesimama uani, wameziba pua kwa nguo, wala hakuna aliyeweza kuvuka kizingiti. Alimwosha peke yake, akamkafini, na hakumsimulia mtu, kwa kuwa siri ya maiti ni amana. Lakini tangu atoke kwa tabibu, ile picha ya uani haikumtoka. Aliiona akikanda unga, aliiona akitawadha. Na mahali pa wale watoto alimwona Mzee Khalaf.

Hapo ndipo lilipomjia wazo la kujitoa roho. Halikuja kwa vitisho. Lilikuja kwa sauti ya upole, kama rafiki: ukiondoka mapema, utampumzisha mumeo, nawe utaondoka ukiwa msafi. Bi Unaisa akajikinga kwa Mwenyezi Mungu, likaondoka. Kesho yake likarudi. Alijua vyema kwamba roho ni amana na kwamba si halali kwa mja kuikatisha kwa mkono wake. Alikuwa amewafundisha wengine hayo kwa ulimi wake mwenyewe. Lakini kujua huko, badala ya kumpa nguvu, kulimzidishia haya. Atamwambia nani? Aende kwa nani, yeye ambaye watu wote huja kwake? Akaona bora afe nalo kifuani. Akawa anasali huku midomo ikitembea na moyo uko mbali, na siku zilivyokwenda akachoka kubishana nalo. Siku moja akalikubali.

Alipokwisha kulikubali, alipata utulivu wa ajabu, akaanza kupanga vitu vyake.

Alikuwa na mwanafunzi wake, mjane kijana jina lake Raihana, aliyemfundisha kazi ya kuosha. Akamwita baada ya Adhuhuri, akamwekea mbele bakuli lake la shaba, kafuri, na bunda la nguo nyeupe za sanda.

Akamwambia, "Mwanangu, hivi ni vyako sasa. Na siku nikifa, unioshe wewe peke yako. Usimruhusu mtu kuingia."

Raihana alivitazama vile vitu, kisha akamtazama yeye.

"Mbona unanipa leo, mama? Jana ulikwenda kuosha. Asubuhi nimekukuta unafagia."

"Kupanga mambo mapema si vibaya."

"Si vibaya," akasema Raihana. Akalisogeza bakuli pembeni. "Mama, nitakuuliza neno, na unisamehe kama nimekosa adabu. Unataka kujiua?"

Bi Unaisa akafungua kinywa ili aseme, "Najikinga kwa Mungu, maneno gani hayo?" Na angeweza kusema, na Raihana angeomba radhi, akaenda zake. Lakini ulimi wake ulikuwa haujazoea uongo, na uchovu ulikuwa mwingi. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Nimekwisha kuazimia."

Raihana hakupiga kelele, wala hakuanza kumsomea makatazo ambayo mwalimu wake aliyajua kuliko yeye. Alimsogelea, akamshika mkono, na ule mkono ulikuwa baridi ingawa siku ilikuwa ya joto. Wakakaa hivyo.

Baadaye akamwuliza, "Umekula leo?"

"Sijala."

Raihana akainuka, akapasha mchuzi uliokuwa chunguni, akaleta na mkate. Bi Unaisa akala kidogo, mara akaona kwamba ana njaa, akala zaidi. Chakula kilipokwisha, Raihana akasema, "Sasa niambie, mama. Unaogopa nini hasa? Mauti?"

"Mauti nayajua, mwanangu. Nimeishi nayo." Kisha, kwa mara ya kwanza, akalitoa lililokuwa kifuani: mama yule ambaye hakumtaja jina, wale watoto uani, na nguo puani. "Sitaki Khalaf anikimbie. Na kama hatanikimbia, sitaki ajilazimishe. Namuona amekwisha kuanza kuniepuka."

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Basi tunamhukumu mzee wa watu hayupo," akasema Raihana. "Mimi sitoki hapa mpaka arudi."

"Utamwambia?"

"Utamwambia wewe. Mimi nitakaa hapa karibu yako."

Mzee Khalaf alirudi kabla ya Magharibi. Akaliona bakuli na sanda sakafuni, akaona macho ya mkewe, akasimama mlangoni. Bi Unaisa akamweleza yote, hakuficha hata ile azma yake. Alieleza akiitazama mikeka, maana hakuthubutu kumtazama usoni.

Mzee akavua viatu, akaja akakaa chini mbele yake.

"Unaisa," akasema, "nilitoka uani siku ile ili usinione nikilia. Nilisema moyoni, nikilia nitakuvunja nguvu. Sasa nakwambia kwamba nimelia kila siku huko kwenye mashimo, na wenzangu wote wanajua ila wewe."

Bi Unaisa akainua macho kutoka kwenye mikeka.

"Na hilo la harufu," akaendelea mzee. "Mke wangu, ni nani katika mji huu asiyejua harufu ya mtengenezaji ngozi? Watu msikitini walikuwa wakinipisha nisimame pembeni. Ndugu zako walikukataza kuolewa nami kwa sababu hiyo. Wewe umenipokea mlangoni kila jioni tangu ujana wetu, ukanivua joho, ukanipa maji, na sijakuona hata siku moja ukigeuza uso. Leo unidhanie kwamba mimi nitasimama uani?"

Hapo Bi Unaisa akalia, na mumewe akalia, na Raihana akainuka kuwasha taa kwa kuwa hakutaka wamwone naye akilia.

Wakakubaliana mambo mawili usiku ule. Kwanza, dawa kali za tabibu zitakaa kwa Raihana, naye ataleta kila mara kiasi kinachotosha. Pili, lile wazo likirudi, Bi Unaisa atalitaja, hata kama ni katikati ya chakula. Na wasimulizi wanasema kwamba lilirudi. Lilirudi mara nyingi, hasa maumivu yalipozidi. Yeye alikuwa akisema tu, "Limekuja," na aliyekuwa karibu aliacha alichokishika, akakaa naye mpaka lipite.

Ikafika habari kwa kaka yake Bi Unaisa, Mundhiri, aliyekuwa mfanyabiashara huko Basra. Akaja kwa haraka, akiwa amemleta mtu wa kupasua na kuchoma kwa chuma cha moto. Alimpenda dada yake, na mapenzi yake yalikuwa ya kupiga mbio.

Akasema, "Lazima ukatwe. Ukikataa dawa umejiua mwenyewe, na utaulizwa."

Maneno hayo yalimwingia Bi Unaisa mahali palipokuwa na kidonda kingine. Akaomba aitwe Sheikh Laithi, imamu wa msikiti wao. Sheikh alipofika alianza kwa kumuuliza yule mpasuaji, "Je, ukimkata, atapona?"

Yule mtu akasema, "Ugonjwa umeshakwenda mbali. Huenda akapata siku. Huenda akafa mkononi mwangu."

Sheikh akamgeukia mgonjwa. "Nawe, dada yetu, unataka nini?"

"Sheikh, nataka kukaa nyumbani kwangu na mume wangu, nisali sala zangu, na nipewe dawa ya maumivu. Sitaki chuma. Lakini naogopa. Siku si nyingi zilizopita nilitaka kujiua. Sasa nikikataa kukatwa, nitajuaje kwamba si lile wazo limebadilisha nguo?"

Mundhiri alishtuka kusikia hayo, kwa kuwa hakuwa ameambiwa. Sheikh akamwashiria atulie.

Akasema, "Siku ile ulitaka kuikatisha amana kwa mkono wako, peke yako, kwa siri. Leo unataka kuitunza mpaka Mwenyewe aje kuichukua, na umelisema mbele yetu sote. Hayo mawili si kitu kimoja. Dawa isiyo na tamaa ya kuponya haikuwa wajibu juu yako, na kuiacha si kujiua. Ama dawa ya kupunguza maumivu, inywe, wala usidhani kwamba kuumia zaidi ndiyo subira zaidi."

Kisha sauti yake ikashuka. "Na sisi tusamehe. Umetufariji wote mji huu, na hakuna aliyekuja kukuuliza wewe unaendeleaje."

Mundhiri akamrudisha mpasuaji wake, lakini yeye mwenyewe hakuondoka. Alikaa pale mjini, akawa ndiye anayechota maji.

Bi Unaisa akaishi kipindi kilichobaki kitandani kwake. Kidonda kilipasuka kama alivyohofia, na nyumba ikanuka kama alivyohofia. Mzee Khalaf aliacha kwenda kwenye mashimo, akawa anakibadilisha kitambaa cha kidonda kwa mikono yake, akiongea naye habari za mji. Alasiri wanawake walikuja kujifunza namna ya kuosha maiti, naye akawafundisha kutoka pale alipolala, na mara nyingine Raihana akikosea alimkemea kama zamani. Akija mgeni akamwambia, "Subiri, Bi Unaisa," alikuwa akijibu, "Nasubiri, na naumia. Kaa." Naye mgeni akakaa.

Aliondoka duniani asubuhi moja jua likiwa limekwisha kuchomoza, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Tende zilikuwa zimeanza kubadilika rangi mitendeni. Raihana alimwosha kwa maji ya vuguvugu. Alipotoka kumwambia Mzee Khalaf kwamba amemaliza, alimkuta amesimama kizingitini, amefika karibu kadiri desturi ya mji ilivyomruhusu.

Baada ya maziko, mtu mmoja aliyepata habari za lile wazo alimwuliza Sheikh Laithi kwa sauti ya chini, "Je, mtu kama yule anaweza kuhesabiwa miongoni mwa wenye subira?" Sheikh akamtazama, akasema, "Wewe umepata kubeba mzigo kama ule ukafika nao mwisho? Mimi sijapata." Yule mtu akainamisha kichwa.

Enyi ndugu zangu, tunawazuru wagonjwa wetu, tukawauliza hali huku macho yako mlangoni, nao wakatujibu "Alhamdulillahi" kwa sababu wameona kwamba hatuna nafasi ya jibu jingine. Kisha tukawasifu kwa subira. Subira ya Bi Unaisa haikuanza siku aliponyamaza. Ilianza siku alipoulizwa naye akasema "Ndiyo." Tumuombe Mola Mtukufu awajaalie wagonjwa wetu, na sisi siku ikifika, mtu wa kutuuliza kwa kweli, na atakayekaa mpaka tumalize kujibu. Amina.