Jina la Mjukuu wa Ndunguru

Sogeeni. Nina watu watatu na jina moja, na jina halimegwi kama muhogo. Anayejiona amepata jibu tangu sasa aume ulimi kwanza mpaka nimalize. Nawajua, mna haraka.

Wa kwanza ni Sista Efrasia, muuguzi wa hospitali kubwa ya rufaa, mwanamke mwenye sikio. Kazi yake ni kuwapigia simu wagonjwa wa saratani ya damu wanaoishi mbali, wasije wakasafiri siku nzima kwa ajili ya kuulizwa maswali matano. Wa pili ni Oliva, mwenye jicho, mkamwana katika nyumba ya Mzee Ndunguru, huko milimani kwenye kahawa. Wa tatu ni Gervas, jirani yao, mwenye mkono. Akishika usukani wa pikapu yake, trei za mayai hufika sokoni bila yai kupasuka.

Mzee Ndunguru ndiye mgonjwa mwenyewe. Alimeza vidonge vyake kila siku, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, Sista alimpigia. Mzee alikuwa akivaa koti kwa ajili ya simu hiyo. Msicheke. Yule ni mtu wa heshima, na mtu wa heshima akiulizwa habari hujibu nzuri, hata kama nyumba inaungua.

Mwezi ule ilikuwa inaungua kweli. Siku ya tatu sasa alikuwa na homa, na fizi zilimtoka damu usiku. Aliogopa sana. Mara ya mwisho alipolazwa, mgonjwa wa kitanda cha pili aliingia na homa ya namna hiyo hiyo, akatolewa amefunikwa shuka. Wauguzi walisema yule bwana alichelewa kuja. Ndunguru hakulikumbuka hilo. Alichokumbuka ni shuka, akaapa kwamba kama ni kufa, atafia kwake.

Basi simu ikaita. Wakasalimiana, nzuri kwa nzuri, mpaka za mbuzi. Sista akamwomba aweke kwapani kile kipimajoto alichopewa hospitali, kisha amsomee. Mzee akakiweka. Akahesabu kidogo, akasema thelathini na sita na nusu.

Kipimajoto kile hulia kikimaliza kupima. Sista alikwisha kushukuru kwa jibu, kalamu iko kwenye karatasi, aliposikia kwa mbali: tii, tii, tii. Mwingine angeandika tu na kumpigia mgonjwa anayefuata. Yeye aliweka kalamu chini.

"Baba," akasema, "kipimajoto kimelia sasa hivi, na wewe umenijibu kabla hakijalia. Uko na nani hapo?"

Mzee akajibu kwamba yuko peke yake, na mkono wake ukaanza kutafuta kitufe cha kukata simu.

Hakuwa peke yake. Oliva alikuwa mlangoni na foronya mkononi. Asubuhi tatu mfululizo alikuwa ameifua ikiwa na damu, na asubuhi tatu alinyamaza. Katika ukoo ule mkamwana hamwanzi baba mkwe maneno, wala hamgusi hata kwa ncha ya kidole. Aliyewahi kukosea hivyo alirudishwa kwao, na Oliva alikuwa na mimba ya miezi minane, mumewe yuko kazini mkoa mwingine. Akaingia, akautoa mkono wa mkwewe kwenye simu, akachukua na kipimajoto.

"Mimi mkamwana wake," akasema. "Kinasoma thelathini na tisa na nukta mbili. Na damu naiona siku ya tatu leo."

Mzee alimtazama kana kwamba amevuliwa nguo mbele za watu. Sista alisema aletwe hospitali ya wilaya sasa hivi, asingoje jioni, na yeye atawapigia madaktari waiweke tayari dawa ya sindano na damu ya kumwongezea. Akaongeza jambo la kutisha kuliko yote: gari liende upesi, kwa sababu homa ile huua kwa saa chache, lakini lisimrushe, kwa sababu damu yake haigandi, na pigo dogo la kichwa linaweza kummaliza.

Gari lilikuwa moja tu kijijini, la Gervas. Na Gervas na Ndunguru walikuwa na miaka sita hawajasalimiana, kisa mpaka wa shamba. Gervas aliapa mbele ya watu kwamba hatakanyaga uwanja ule mpaka aitwe kuzika. Oliva alimfuata, akamweleza. Gervas aliingia ndani, akatoka na godoro lake mwenyewe, akalitandika nyuma ya pikapu na kuuvuka mpaka.

Mvua ya jana yake ilikuwa imeivuruga barabara. Kwa saa tatu Gervas alikwepa mashimo, upande mmoja korongo, upande mwingine ukuta wa udongo. Kila gari lilipoyumba kidogo, Oliva, aliyekipakata kichwa cha mzee, alifunga macho. Shati la Gervas lililowa jasho mpaka mgongoni. Njia nzima alirudia neno moja: "Bado yupo?" Na Oliva alijibu: "Bado."

Daktari aliyempokea alisema wangechelewa kidogo, jua lingezama naye.

Mzee amepona homa. Saratani bado anaishi nayo, na hofu pia. Wanaukoo walipotaka Oliva arudishwe kwao, mzee mwenyewe aliwafukuza uwanjani kwa fimbo. Sasa Oliva amejifungua mtoto wa kike, na kwa desturi yao babu ndiye anayetoa jina. Mzee ametangaza kwamba mtoto ataitwa jina la mtu aliyemwokoa. Hapo ndipo kijiji kilipochafuka. Wapo wanaosema Efrasia, na wengine wanajibu kwamba kusikiliza ndiyo kazi yake. Wapo wanaosema Oliva, na wengine wanauliza mbona alinyamaza siku tatu. Wapo wanaosema Gervasia, na wengine wanasema dereva ni dereva.

Jumanne iliyopita, saa nne, mzee alivaa koti. Oliva alikaa kando yake akinyonyesha, na Gervas alikuwa kwenye benchi. Simu ikaita. Sista akauliza habari.

Mzee hakujibu nzuri. Aliweka kipimajoto, akangoja mpaka kikalia, akasoma thelathini na sita na nukta nane. Kisha akasema, "Lakini naogopa, Sista. Kila siku naogopa."

"Asante kwa kuniambia, baba," Sista akajibu. "Na mtoto mmemwita nani?"

Mzee akamtazama Oliva, akamtazama Gervas, akaitazama simu. Mpaka sasa hajajibu, na kesho ndiyo siku ya kumtaja mtoto. Mimi amenituma kwenu niwaulize. Ondoa mmoja tu kati ya wale watatu, na mzee yuko kaburini.

Haya, achieni ulimi. Jina ni moja. Je, wewe ungempa nani?