Ukuta wa Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Kuitikia gani huko? Mmekula mkashiba, sauti mmeiacha kwenye sahani. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Palikuwa na udongo, ukapata mkono wa kuusiriba. Na wewe Sefu, acha kuchokoa ukuta wangu. Utajua kwa nini.

Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na watu wenye kusikiliza wakiwaelewa, palikuwa na kijiji chini ya kilima. Juu ya kilima palikuwa na msitu, na ndani ya msitu mvule mmoja mkubwa, mkubwa, mkubwa. Nyumba zote za kijiji zilikuwa za udongo. Kila masika yakipita, mvua imekwisha kuzilamba kuta, watu walimwita Sikudhani aje azisiribe upya. Sikudhani alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini akikusiribia ukuta, unateleza kama shavu la mtoto aliyepakwa mafuta.

Sasa kule msituni, kwenye tundu la ule mvule, walikaa Hondohondo na mkewe. Mnamjua hondohondo, yule ndege mwenye mdomo uliobeba mdomo mwingine juu yake. Mkewe akitaka kutaga huingia tunduni, akaliziba kwa udongo mpaka ubaki ufa wa kidole. Humo hukaa, manyoya yanampukutika, kuruka hawezi. Mumewe ndiye bawa lake. Kutwa anatafuta kuyu, tunda la mkuyu, anampitishia kwenye ufa. Watu wa kijiji hawakuyajua hayo. Walimwona ndege anagonga mti, wakasema huyu naye hana kazi.

Nao watu wale walikuwa wakiukata msitu. Leo nguzo, kesho kuni, keshokutwa shamba. Mbega wakahama, wala hakuna aliyeuliza wamekwenda wapi. Mwisho Jumbe Mbaruku, mkuu wa kijiji, akautaka mvule wenyewe.

"Nataka mlango," akasema Jumbe. "Mlango wa mbao za mvule. Mgeni akiuona avue kofia kabla hajanisalimu."

Hondohondo akasikia. Akaruka mpaka kwa Jumbe, akaimba:

Mke wangu yu ndani,
mlango ni kidole.
Mwenye shoka, pole,
mwenye shoka, pole.

"Kelele gani hizi?" akasema Jumbe. "Mfukuzeni." Akafukuzwa.

Akaruka mpaka kwa wakata miti, akaimba. Haya, imbeni nami: Mke wangu yu ndani, mlango ni kidole. Wakamrushia mawe, moja likamkwaruza bawa.

Akaruka mpaka kwa Sikudhani, akamkuta anakanda udongo kwa miguu. Akaimba. Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho, akanawa miguu, akamfuata msituni. Alipofika akapitisha kiganja kwenye udongo wa pale mvuleni.

"Nani kasiriba hapa?"

"Mimi," ikajibu sauti ya ndani, na ncha ya mdomo ikatokeza.

"Dada, una mkono mzuri."

"Mkono sina, dada yangu. Ni mdomo tu. Na humu nina watoto wawili, hawajaota hata unyoya."

Sikudhani akalia. Kisha akamwambia Hondohondo, "Shemeji, kugombana na Jumbe siwezi. Kuhutubia watu sijui. Kazi yangu ni kuta."

Basi masika yalikuwa yamekwisha, na Jumbe akataka kuta zisiribwe kwanza, mlango baadaye. Sikudhani alichukua ngeu kwa rangi nyekundu, akachukua udongo mweupe, akachukua masizi ya vyungu. Kuta hakuziacha tupu. Nyumba hii akachora chura, ile akachora kanga, nyingine kinyonga. Watu wakafurahi sana, kila mtu anamsifu wake.

Mwanakijiji mmoja, Shomari, akasema, "Mimi nichoree mbega."

"Sichori asiyekuwepo," akasema Sikudhani. "Mbega wamehama. Nitausiriba ukuta, nafasi yake nitaiacha."

Shomari akanuna. Akakaa na ukuta mtupu, na kila apitaye anamuuliza, "Wako yuko wapi?"

Na ukuta wa Jumbe? Hapo Sikudhani alimaliza ufundi wake wote. Alichora mvule, akachora ufa wa kidole, na kwenye ufa mdomo uliofunuka. Nje akamchora Hondohondo, ameshika kuyu.

Bi Kirembo, mama yake Jumbe, akatoa kigoda chake akakaa mbele ya ukuta. "Huyu wa ndani ni nani?"

"Mkewe, mama. Yumo na watoto wake."

"Kumbe yumo ndani?"

Kesho yake kijiji kizima kinaulizana: kumbe yumo ndani? Watoto wakapanda kilimani kuchungulia, wakarudi wananong'ona, kama waliotoka kumtazama mzazi aliyejifungua. Na kila asubuhi Bi Kirembo alimsabahi ndege wa ukutani. "Baba, umeleta nini leo?" Halafu anamgeukia mwanawe. "Umemwona mwanamume?"

Jumbe akavimba kichwa. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuutazama ukuta wake. Mwisho akasema, "Ukuta kama huu sasa ndio unaostahili mlango wa mvule." Mnaiona akili hiyo?

Akatuma mkata miti wa kwanza. Akaenda, akasikia wimbo, akarudi. "Jumbe, shoka limepoteza makali."

Akatuma wa pili. Akaenda, akasikia wimbo, akarudi. "Jumbe, mgongo unaniuma."

Akatuma wa tatu. Huyo hakurudi kabisa, alipitia kwa wakwe zake akakaa huko.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema Jumbe, akakaa uani ananoa shoka. Mara Sikudhani akaingia na chungu cha maji na kitambaa. Akaanza kuusugua ukuta.

"Unafanya nini?"

"Nafuta, Jumbe. Sichori asiyekuwepo."

Akaanza na yule wa nje. Mdomo ukayeyuka, bawa likayeyuka, kuyu likachuruzika mpaka chini. Ukabaki ule mdomo wa ndani, umefunuka kwenye ufa, unangoja.

Bi Kirembo akainuka kwenye kigoda. "Na huyu nani atamlisha?"

Akamgeukia mwanawe.

"Mbaruku, baba yako alipokufa, wewe ulikuwa mgongoni. Nilikaa mlangoni hivi hivi, natazama njia, sina wa kuniletea. Majirani ndio waliotulisha. Leo wewe ni jirani wa nani?"

Jumbe akautazama ule mdomo, akautazama, machozi yakamtoka mbele za watu. Akaliweka shoka chini. "Sikudhani, mrudishe."

"Wa ukutani nitamrudisha leo. Wa mvuleni yuko mikononi mwako."

Jumbe akapanda kilimani bila shoka, makuyu mfukoni. Akapitisha moja kwenye ufa. Mdomo ukalipokea. Siku ile ile akatangaza kwamba kilima hakikatwi tena, na watu wakaitikia kabla hajamaliza kusema. Yeye akajiwekea mlango wa matete. Wageni walivua kofia vilevile, kwa ajili ya ukuta.

Wakati ulipofika, mama akauvunja udongo wake, akatoka na watoto wawili. Wakazunguka juu ya nyumba ya Jumbe, na Bi Kirembo akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Miaka ikapita, msitu ukajaa. Asubuhi moja Shomari akasikia matawi yanatikisika, akainua macho, akakimbia peku mpaka kwa Sikudhani. "Njoo na masizi," akasema, anahema. "Njoo na udongo mweupe. Wamerudi."

Wanangu, mtu hulinda anachokipenda, na hawezi kupenda asichokiona. Basi mheshimuni anayewaonyesha, awe na kalamu, awe na udongo.

Hadithi yangu naiziba hapa. Nimeacha ufa wa kidole, mwenye kuyu apitishe. Na wewe Sefu, hapo ulipochokoa, kesho utapasiriba.